Taa Tunaiona, Chombo Hatukioni

Hii ni hotuba niliyoitoa Raskazone, Tanga, jioni moja ya Januari, mbele ya wanafunzi, walimu, wavuvi, na wazee waliowahi mapema wakakalia viti vyote. Waliokosa wameniomba niiweke kwa maandishi, nami nimeiandika kama nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziacha. Hamjakosa kitu, nusu yake zilikuwa weusi mtupu.

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Walimu, wanafunzi, na ninyi wavuvi mliokubali kuchelewa kazini ili mumsikilize mtu wa habari za nyota, ahsanteni sana. Nimepewa dakika arobaini. Aliyenipa ni mwalimu wangu wa zamani, ameketi pale mbele na saa yake mkononi, na mpaka leo namwogopa.

Geukeni kidogo mtazame baharini. Mnaona nini?

Taa. Nawasikia, taa. Leo hakuna mwezi, tuko kwenye siku za giza, na wavuvi wa dagaa wako kazini. Sasa niambieni, nani hapa anakiona chombo? Hata kimoja? Hakuna. Ni weusi, na vijitaa vimetawanyika. Lakini hakuna hata mmoja wenu anayedhani ile taa inaelea yenyewe juu ya maji. Mtoto yeyote wa pwani anajua kwamba chini ya taa pana chombo.

Nilikuwa na miaka tisa, nakaa Sahare kwa mjomba wangu, mvuvi. Mwaka ule alichomwa na taa. Si taa ya kuwaka, ni taa yule samaki wa mkia; wageni wa lugha yetu watuwie radhi. Mguu ukavimba, akakaa nchi kavu wiki mbili, na mvuvi aliyezuiwa kwenda baharini ni mtu mgumu kuishi naye. Kila usiku alikaa juu ya gogo la mnazi akiwatazama wenzake wanavyovua na kuwakosoa. "Ule mtumbwi." "Ile mashua ya yule bwana asiyelipa madeni." "Na huyu naye anakwenda wapi? Hapo hapana dagaa, pana mwamba."

Nikamuuliza, mjomba, unajuaje na wewe huoni kitu?

Akaniambia, "Tazama taa inavyocheza, mjomba."

Nikatazama. Karabai ya kwenye mtumbwi hairidhiki. Kiwimbi kidogo tu, imepanda, imeshuka, imeyumba kushoto. Ya kwenye mashua nzito inapanda taratibu, inatua kidogo kule juu kama inayofikiri, halafu inashuka taratibu vilevile. Akawa ananitahini. Nikikosea nakula kikofi cha kisogo. Kufikia usiku wa tatu nilikuwa napima uzito wa vyombo nisivyoviona kwa kutazama tu mwanga wake unavyocheza.

Miaka mingi baadaye nimeketi darasani, mhadhiri anaandika ubaoni jinsi galaksi, yale makusanyiko makubwa ya nyota, zinavyopimwa uzito, nami nacheka peke yangu. Wenzangu wakadhani nimechanganyikiwa. Kumbe nilikuwa nimeliona lile gogo la mnazi.

Basi ndugu zangu, nililokuja nalo leo ni hili. Kila galaksi mnayoiona angani ni taa. Chini yake pana chombo ambacho hakuna aliyewahi kukiona kwa macho. Na swali langu ni moja: je, chombo kikubwa ndicho kinachobeba taa kubwa? Msijibu sasa. Mtajibu "ndiyo", na mtakuwa mmekosea nusu.

Kwanza, tunajuaje kwamba chombo kipo?

Mwaka 1933 Fritz Zwicky, Mswisi aliyefanya kazi California, alilitazama kundi la galaksi liitwalo Coma. Akapima kasi yake. Zinakwenda mbio mno. Kwa uzito wa nyota alizoziona, galaksi zile zingekuwa zimeshatawanyika zamani, kila moja na njia yake. Kuna kitu kinazishika. Akakiita, kwa Kijerumani, maada ya giza. Wenzake hawakumpa sikio sana. Alikuwa mtu wa ulimi mkali, na mimi nadhani hilo nalo lilichangia. Jambo la kweli likisemwa na mgomvi huchelewa kupokewa.

Ikapita zaidi ya miaka thelathini. Akaja Vera Rubin. Wasichana, mnisikilize vizuri hapa. Mwaka 1965 Rubin alikuwa mwanamke wa kwanza kuruhusiwa rasmi kutazama anga kwenye kituo cha Palomar. Inasimuliwa kwamba aliambiwa tatizo ni choo, hakuna cha wanawake. Akachukua karatasi, akaikata umbo la sketi, akaibandika kwenye kile kijipicha cha mwanamume mlangoni. Haya, sasa kipo.

Alichokipima Rubin ni rahisi kukieleza. Utaridi, sayari iliyo karibu na Jua, inakwenda kilomita 47 kila sekunde. Neptuni, iliyo mbali kabisa, inakwenda kilomita 5 tu na kidogo. Ukiwa mbali na mwenye kuvuta, mvuto unapungua, nawe unakwenda polepole. Sasa galaksi, nuru yake nyingi iko katikati. Kwa hiyo nyota za ukingoni zingetakiwa ziende polepole, kama Neptuni. Mwaka 1970 Rubin na mwenzake Kent Ford wakatoa vipimo vya galaksi ya Andromeda. Kasi haishuki. Unatoka katikati, unakwenda nje, nje zaidi, mpaka mwanga umekwisha, na kasi iko palepale. Taa za ukingoni zinacheza kama zimefungwa kwenye meli, na meli haionekani.

Walimu wa fizikia, nawaona mnavyonikunjia uso. Najua tofauti ya uzito na tungamo. Jioni ya leo tuseme uzito, tuelewane na bibi zetu.

Chombo hicho wataalamu wanakiita halo. Ni jina baya, kwa maoni yangu, kwa sababu halo kwa kawaida ni lile duara la mwanga linalouzunguka mwezi, na hiki hakina mwanga hata chembe. Lakini ndilo limeshika, tutafanyaje. Galaksi yetu, Njia Nyeupe, ile sahani ya nyota ina upana wa miaka ya nuru 100,000 hivi; mwaka wa nuru ni mwendo wa mwanga kwa mwaka mzima. Halo yake inaizunguka pande zote, upana wake ni zaidi ya mara kumi ya sahani, na uzito wake ni kama Jua trilioni moja. Imetengenezwa na nini? Hakuna aliyekamata hata chembe moja ya hiyo maada, ingawa mitego imetegwa chini ya milima na ndani ya migodi.

Mzee mmoja alinishika mkono pale langoni akaniuliza, je, si huenda sheria ya uvutano yenyewe ndiyo yenye kasoro? Mzee wangu, swali hilo lina wenyewe. Mordehai Milgrom alilileta mwaka 1983, na wapo wanaolifuata mpaka leo. Mimi niko upande wa maada ya giza, na sababu yangu kubwa ni makundi mawili ya galaksi yaliyogongana, wanayaita Bullet. Gesi za pande mbili zilipokutana zilikwama katikati. Lakini uzito mwingi, ukiupima kwa jinsi unavyoupinda mwanga wa galaksi za nyuma yake, ulipita moja kwa moja upande wa pili kana kwamba hakukuwa na ajali. Kitu kinachopita hivyo si gesi, wala si nyota peke yake. Tuendelee, mwalimu ameshatazama saa.

Sasa twende sokoni. Chukueni maada yote ya ulimwengu, muipange mafungu mia kama ya dagaa. Mafungu 84 ni maada ya giza. Mafungu 16 tu ndiyo maada ya kawaida, hii ya nyota, gesi, bahari, viti hivi, na mimi. Kama kila halo ilipewa haki yake, na maada yote ya kawaida ikageuka nyota, basi kila halo ingekuwa na mafungu 16 ya nyota kwa mia. Je, ndivyo ilivyo?

Njia Nyeupe ina nyota zenye uzito wa Jua bilioni 50 hadi 60. Kwa halo ya trilioni moja, hayo ni mafungu matano, sita. Kwa kumi na sita! Theluthi tu ya haki yake. Na sisi, ndugu zangu, ndio washindi. Wengine karibu wote wako chini yetu au sawa na sisi.

Nimesema karibu wote, na mnaweza kuniuliza nimejuaje, maana haiwezekani kuipima halo ya kila galaksi moja moja. Hapo pana ujanja ambao naupenda kuliko yote. Chukulia umefika pale soko la Deep Sea asubuhi, umechelewa. Vyombo vimetia nanga. Samaki wamemwagwa, mafungu kwa mafungu. Wenyewe wamekwenda kunywa chai. Unataka kujua fungu lipi ni la chombo kipi, na hapana wa kumuuliza. Utafanyaje?

Utapanga. Vyombo, kutoka kikubwa hadi kidogo. Mafungu, kutoka kubwa hadi dogo. La kwanza kwa cha kwanza, la pili kwa cha pili, mpaka mwisho. Utakosea hapa na pale, kuna nahodha mwenye chombo kikubwa na mkosi mkubwa zaidi. Lakini kwa jumla utapata sura ya soko zima.

Ndivyo walivyofanya. Maada ya giza haina mambo mengi, inavutana tu, kwa hiyo kompyuta inaweza kuiga inavyojikusanya tangu mwanzo wa ulimwengu na kutuambia ziko halo ngapi kubwa, ngapi za kati, ngapi ndogo. Hiyo ndiyo orodha ya vyombo. Darubini zimehesabu galaksi kwa mamia ya maelfu, na kila moja ikakadiriwa uzito wa nyota zake. Hayo ndiyo mafungu. Njia hii ilianza kushika mwaka 2004. Mwaka 2010 Benjamin Moster na wenzake, na Peter Behroozi na wenzake, kila kundi kivyake, wakachora mstari wa jibu: huku uzito wa halo, huku sehemu yake iliyogeuka nyota.

Nilipouona mstari ule mara ya kwanza nilidhani wamekosea. Nilitegemea uwe tambarare, kila chombo na haki yake. Au upande moja kwa moja, mwenye nacho aongezewe. Ulikuwa mlima! Unapanda, unafika kileleni, unashuka. Kilele kiko kwenye halo ya uzito wa Jua trilioni moja hivi, saizi yetu, na pale nyota ni mafungu machache tu kwa mia, matatu, manne, matano. Teremka kwenye halo iliyo ndogo kuliko hiyo mara kumi, hupati hata fungu moja zima. Teremka mara mia, unapata sehemu moja ya elfu au pungufu. Haya, panda upande wa pili, kwenye majahazi makubwa, halo za makundi ya galaksi zenye uzito mara mia ya yetu na zaidi. Galaksi kubwa iliyokaa katikati haifikishi nayo fungu moja.

Na mlima huu ni mwembamba. Ukichukua galaksi mbili zenye halo za uzito sawa, nyota zake mara nyingi hazipishani hata maradufu. Kwa hiyo si bahati nasibu. Chombo ndicho kinachoamua. Ila kinaamua kwa namna ambayo mtumbwi unarudi mtupu, jahazi linarudi karibu tupu, na mashua ya kati ndiyo inayorudi na samaki. Kwa nini?

Hapa naomba niwapeleke jikoni.

Bibi yangu wa Ngamiani alikuwa mpishi wa halua. Wanaomfahamu wako humu, nawaona mnacheka. Halua mnaijua: sukari, wanga, samli, iliki, zafarani kwa mwenye uwezo, na mkono wa kukoroga usiochoka. Halafu inamwagwa kwenye sinia, inapoa, inaganda. Neno la kushika ni hilo: inapoa, inaganda. Halua haigandi juu ya moto.

Nyota nazo ni hivyo hivyo. Halo inavuta gesi, gesi inaanguka ndani, inagongana, inapata moto. Ili iwe nyota lazima ipoe, ishuke katikati, ijikusanye, igande vipande vipande. Simon White na Martin Rees waliliandika hilo mwaka 1978, kwamba galaksi ni gesi iliyopoa ndani ya halo. Mpaka leo jengo zima limesimama juu ya msingi huo. Kwa hiyo ukiuliza kwa nini halo fulani haina nyota nyingi, unauliza: ni nini kilichozuia halua isigande?

Nilipokuwa na miaka kumi na mbili bibi alinipa kisufuria kidogo nijifunze, juu ya seredani. Nikaona mambo yanachelewa, nikapepea moto. Mnajua kilichotokea. Ilianza kutoa mapovu, puu, puu, kila povu likipasuka linarusha tone, moja likanipata hapa, kovu ninalo. Kisufuria chenyewe kina ukingo mfupi. Dakika tano, halua iko ukutani, iko kwenye kanga, iko kila mahali isipokuwa kwenye kisufuria. Kilichobaki chini kilitosha kijiko.

Hiyo ndiyo halo ndogo. Nyota za kwanza kubwa zikishazaliwa, haziishi sana, zinalipuka. Mlipuko mmoja wa supanova unatoa nishati inayokaribia ile ambayo Jua letu litaitoa kwa miaka bilioni 10 ya uhai wake. Unairusha gesi nje. Halo kubwa ina ukingo mrefu, mvutano wake unaikamata gesi na kuirudisha. Halo ndogo haina nguvu hiyo. Povu limepasuka, gesi imetoka, haijarudi. Yaani nyota chache za mwanzo ndizo zinazowanyima wadogo zao kuzaliwa.

Na zile halo ndogo kabisa zilipata msiba mwingine. Katika miaka bilioni moja ya kwanza, mwanga mkali wa nyota na galaksi za mwanzo uliipasha gesi ya ulimwengu mzima mpaka digrii 10,000 hivi. Gesi ya moto wa namna hiyo haiingii kwenye kikombe kidogo. Kwa hiyo kuna halo ambazo hazikupata hata halua ya kumwaga. Iko galaksi ndogo inayoitwa Segue 1, umbali wa miaka ya nuru 75,000 hivi, ina nyota kama elfu moja. Elfu! Watu wa mtaa mmoja wa hapa mjini wanazidi. Lakini ukizitazama nyota hizo zinavyocheza, zinacheza kama ziko juu ya chombo chenye uzito mamia ya mara ya uzito wake. Na ziko halo nyingine huko, kompyuta zinatuambia, zisizo na nyota hata moja. Vyombo bila taa.

Sasa karai kubwa.

Ilikuwa kesho yake ni Idd. Bibi ametandika karai uani juu ya mafiga, kuni za kutosha, wanawake watatu wanapokezana mwiko. Alasiri wakaona imeiva, wakaacha moto ufe wenyewe, halua ikiwa ndani ya karai, maana masinia yalikuwa yamekwenda kuazimwa. Karai la namna ile hata likiachwa peke yake halipoi upesi. Bibi akamweka kaka yangu alilinde kuku wasije. Magharibi ikafika, masinia yamekuja, halua bado inatokota. Bibi anaguna, kuni gani hizi leo. Ndipo akamkuta. Mtoto kakaa pale, anachovya kidole, analamba. Kila akilamba anaogopa moto usije ukazimika, kazi ya watu ikaharibika, basi anasukuma kuni. Analamba, anasukuma kuni. Analamba, anasukuma kuni. Saa mbili nzima!

Wataalamu wamemgundua mtoto huyo. Yuko katikati ya karibu kila galaksi kubwa, na jina lake ni shimo jeusi, kitu kizito mno ambacho hata mwanga ukiingia hautoki. Gesi inayoangukia halo nzito inapata moto wa mamilioni ya digrii, na hata bila mtu kuichokoa inachukua muda mrefu kupoa. Ile kidogo inayopoa ikashuka katikati, shimo jeusi linailamba. Likiilamba linatoa nguvu, linarusha michirizi ya chembe karibu na kasi ya mwanga, inaichoma gesi yote iliyolizunguka. Gesi imepata moto upya. Ikianza kupoa tena, tone moja linashuka, mtoto analamba, kuni zinasukumwa. Tangu mwaka 2006 hesabu nyingi za galaksi zimekuwa zikimtia huyu mtoto ndani, kwa sababu bila yeye galaksi kubwa za kwenye kompyuta zinakuwa kubwa kupita zile za angani.

Picha yake mnayo kwenye simu zenu. Tarehe 10 Aprili 2019 ilitolewa picha ya kwanza ya shimo jeusi, lile la galaksi M87, lenye uzito wa Jua bilioni 6.5. M87 iko katikati ya kundi la galaksi lililo upande wa buruji ya Sumbula, wengine huiita Mashuke. Chombo chake ni jahazi haswa, halo yenye uzito mamia ya mara ya yetu. Na nyota zake? Ni mara kumi, ishirini hivi ya za kwetu. Si mamia. Nyingi kwa kuzihesabu, chache kwa jahazi lile. Maada ya kawaida iliyobaki kwenye kundi lile haikupotea, iko palepale, gesi ya moto inayoonekana kwa eksirei tu. Halua ipo. Haijaganda.

Niseme na hili, kwa sababu niko Tanga. Mji huu uliwahi kuwa na Black Star na Lucky Star zikitambiana kwa taarabu, kwa hiyo hamtashangaa nikiwaambia shimo jeusi nalo lina sauti. Mwaka 2003 darubini ya Chandra ilionyesha mawimbi ya sauti yakisambaa kwenye gesi ya kundi la Perseus, yakitoka kwenye shimo jeusi la katikati. Wakapima noti: ni B bapa, oktavu 57 chini ya C ya katikati ya kinanda. Hakuna besi ya harusi yoyote ya Chumbageni inayofika huko, ingawa wapo wanaojitahidi.

Basi, kidogo mno, halua inaruka nje. Kubwa mno, haipoi. Ile sufuria ya kati, yenye ukingo wa kutosha kuzuia mapovu na ambayo mtoto wake hajapata nguvu sana, ndiyo inayotoa sinia. Halo ya kati nayo inatofautiana na mwenzake. Kwenye kompyuta, iliyojikusanya mapema huwa na nyota zaidi kidogo kuliko iliyochelewa, ilipata muda mrefu wa kupika. Jua letu na dunia yetu vimetoka kwenye sinia kama hiyo. Mwanafunzi mmoja alitaka kujua kama kuna hekima gani ndani yake. Sijui hekima, kijana wangu, mimi napima.

Nimebakiza jambo moja, na hili sitalisema, nitawaonyesha. Simameni. Wazee mnaweza kubaki kwenye viti vyenu, najua hamviachii. Geukeni kusini, upande wa Pangani. Nyoosheni mkono, kunjeni ngumi, wekeni ngumi ya kwanza juu ya upeo wa macho, ya pili juu yake, na nusu ya tatu. Hapo, ikifika saa nne hivi, kama taa za mjini hazitakuharibia, utaona kama kipande cha wingu jepesi kisichosogea na upepo wa kaskazi. Kesho nendeni Mwambani mkalitazame, kule giza ni zuri zaidi. Linaitwa Wingu Kubwa la Magellan. Si wingu, ni galaksi, miaka ya nuru 160,000 kutoka hapa, na iko ndani ya halo yetu, imekuja na halo yake.

Halo yake ni nzito kama moja ya saba hadi moja ya kumi ya halo yetu. Kwa haki, nyota zake zingekuwa moja ya saba hadi moja ya kumi ya nyota zetu. Si ndiyo? Ni bilioni 3. Karibu moja ya ishirini. Huo ndio ule mlima, unaushuka kwa macho yako mwenyewe, bila kompyuta, umesimama Raskazone.

Na uzito wa halo ile tumeujuaje? Kuna msururu mrefu wa nyota unaopita angani kwetu, mabaki ya galaksi ndogo iliyochanwachanwa na galaksi yetu. Kwa kuwa mzazi wake hakujulikana, waliupa jina Yatima. Mwaka 2019 watafiti walipoutazama vizuri waliona nyota zake haziendi pale njia yake inapoelekea. Zinavutwa pembeni. Zikavutwa na nani? Wakafuata, wakalikuta Wingu. Kwa jinsi Yatima alivyoyumba wakapiga hesabu ya chombo kilichomyumbisha. Mjomba wangu angewauliza tu kwa nini wamechelewa.

Mwalimu ananionyesha saa, dakika zimekwisha. Darubini iko pale chini ya mkwaju, ni ndogo lakini inatosha. Wanafunzi mpange foleni, wadogo mbele. Wavuvi, ahsanteni, nendeni, mwezi ukirudi dagaa hamna. Mkishatoka nje ya Kisiwa cha Toten nitakuwa nimeketi hapa nawatazama. Nitajua nani amepanda chombo gani.